Mtoto kaambiwa ana taifodi? Kijue kwanza kipimo cha Widal

Leo naomba tuweke kando siasa na mpira, tuongelee karatasi moja ya maabara ambayo nadhani kila nyumba ya huku uswahilini imeshaiona.

Mpwa wangu ana miaka minne. Mwaka jana, kati ya Januari na Mei, aliambiwa ana taifodi mara tatu. Mara tatu jamani! Mtoto anayekula kwa mama yake, maji anakunywa ya kuchemshwa. Kila mara hadithi ni ile ile: homa inapanda usiku, asubuhi dada anambeba mpaka zahanati ya jirani huku Mbagala (jina naliweka kapuni), mtoto anatolewa damu, anapiga kelele mtaa mzima unasikia, baada ya nusu saa karatasi inatoka. Malaria hakuna. Widal TO 1:160, TH 1:80. "Mama, mtoto ana taifodi." Sindano siku tano, dawa za maji, hela imeyeyuka. Homa inashuka. Wiki kadhaa zinapita, tunaanza upya.

Mara ya tatu dada alikopa kwenye kikoba. Siku hiyo nilizichukua zile karatasi zote tatu nikaenda nazo kafe, nikazipanga mezani pembeni ya kibodi. Ndipo nikaona kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona, kwa sababu hakuna aliyewahi kuziweka pamoja: tarakimu zilikuwa zile zile. TO 1:160, TH 1:80, mara zote tatu. Nikasema hapana, lazima nijue hiki kitu kinapima nini.

Haya ninayoandika ni niliyoyasoma, pamoja na maelezo ya kaka mmoja wa maabara ambaye alinivumilia maswali yangu. Mimi nimeishia kidato cha nne, siyo daktari, kwa hiyo usisome hapa ukaenda kumwachisha mtoto dawa. Soma ili ujue cha kuuliza.

WIDAL NI NINI

Widal ni jina la mtu. Fernand Widal, daktari wa Kifaransa aliyezaliwa Algeria mwaka 1862, alikitangaza kipimo hiki mwaka 1896. Yaani kilikuwepo kabla Mjerumani hajaanza kujenga reli ya kati hapa Dar mwaka 1905. Kwa wakati wake ilikuwa kazi ya maana sana, maana homa zilikuwa zinafanana na daktari hakuwa na njia rahisi ya kuzitenganisha kwa kutumia damu.

Taifodi, au homa ya matumbo kwa Kiswahili cha shuleni, inaletwa na bakteria anayeitwa Salmonella Typhi. Anaingia kwa maji au chakula chenye kinyesi cha mtu aliyenaye. Akishaingia, mwili unatengeneza kingamwili, yaani askari maalumu wa kupambana na mdudu huyo. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye kila kitu: Widal haimtafuti mdudu. Widal inatafuta askari.

Maabara wana vichupa vyenye bakteria wa taifodi waliokwishauawa na kutiwa rangi. Wanachukua yale majimaji ya damu yanayobaki juu chembe nyekundu zikishatuama, wanachanganya na tone la kichupa. Kama askari wamo, bakteria wale waliokufa wanashikana na kufanya punje punje, kama maziwa yanapoanza kukatika. TO ni askari wanaoshika ganda la bakteria, TH ni wale wanaoshika mikia yake ya kuogelea. Na zile namba? 1:80 maana yake damu imezimuliwa mpaka ikawa sehemu moja katika 80 na bado punje zinaonekana. 1:160 imezimuliwa zaidi. Namba ikiwa kubwa, askari ni wengi.

Kuna njia mbili. Ya mirija, ambayo inachukua saa nyingi, mara nyingine mpaka kesho yake, na ndiyo ya uhakika zaidi. Na ya kigae, ambapo matone yanachanganywa juu ya kigae cheupe, kinatikiswa kama dakika moja, mtu anaangalia kwa macho yake na kuamua. Ukipewa jibu ndani ya nusu saa, jua ni ya kigae. Na mtu anayeamua kama ile ni punje au siyo punje ameshaangalia vigae vingapi tangu asubuhi, hilo ni swali lingine.

NYAYO SIYO NG'OMBE

Ukikuta nyayo za ng'ombe kwenye bustani yako ya mchicha, utajua ng'ombe kapita. Lakini leo, au juzi? Wa kwako au wa jirani? Ndivyo kingamwili zilivyo. Mtoto aliyewahi kuugua taifodi miezi iliyopita anaweza bado kuwa nazo. Aliyechanjwa anaweza kuwa nazo. Bakteria wengine wa ukoo wa Salmonella wana maganda yanayofanana, kwa hiyo askari waliotengenezwa kwa ajili ya wale wanaweza kushika na hawa. Hata malaria na maambukizi mengine yanaweza kuichokoza Widal ikatoa punje.

Upande wa pili, taifodi ikiwa changa askari hawajafika. Wanachukua kama wiki moja tangu homa ianze. Kwa hiyo mtoto mwenye homa ya jana akipimwa Widal leo, ikionyesha anayo unaweza kujiuliza hao askari wametoka wapi kwa siku moja!

Ndiyo maana vitabu vinasema Widal inayoaminika hupimwa mara mbili, damu ya kwanza na nyingine baada ya siku 10 mpaka 14, na kinachotafutwa ni kupanda mara nne, kwa mfano kutoka 1:80 kwenda 1:320. Namba moja peke yake siyo jibu. Na namba zisizosogea miezi mitano, kama za mpwa wangu, zinasema kitu tofauti kabisa na "ameugua mara tatu".

Yule kaka wa maabara nilipomwonyesha zile karatasi alizikodolea macho kimya, halafu akasema: "Mdogo wangu, huyu mtoto ana nyayo za zamani. Homa yake iko sehemu nyingine."

HESABU YA MUHEZA

Hii imefanyika hapa hapa Tanzania, siyo Ulaya. Katika hospitali moja ya Muheza, mkoa wa Tanga, watafiti walichukua watoto 1,680 waliolazwa wakiwa na homa. Kila mtoto damu yake ilioteshwa maabara kuona kama Salmonella Typhi yumo kweli, na pia ikapimwa Widal ya mirija. Matokeo yakachapishwa mwaka 2010.

Waliokuwa na taifodi ya kuthibitishwa: 16. Kumi na sita kati ya 1,680, yaani asilimia 1.

Kipimo chenyewe kilifanya kazi vizuri ukikitazama kwa juu juu. Wakitumia TH ya 1:80 kwenda juu kama mstari, Widal iliwanasa asilimia 75 ya wagonjwa wa kweli, na iliwaacha salama asilimia 98 ya wasio na taifodi. Mtu anasema asilimia 98, sasa unataka nini tena? Tupige hesabu, ya kidato cha pili tu. Asilimia 75 ya 16 ni watoto 12. Asilimia 2 ya wale 1,664 wasio na taifodi ni watoto kama 34. Jumla walioambiwa "unayo" ni 46, na wanaoumwa kweli humo ni 12. Watafiti wenyewe waliandika asilimia 26. Katika kila watoto wanne walioonekana wanayo, mmoja tu ndiye anayo.

Kumbuka hiyo ni njia ya mirija, na watu waliokuwa makini. Kwa mstari wao hata mpwa wangu na 1:80 yake angehesabiwa kuwa anayo.

Ila usiitupe Widal yote. Geuza upande wa pili wa hesabu hiyo: walioambiwa "huna" walikuwa zaidi ya 1,600, na waliokosewa ni 4 tu. Kwa hiyo pale ambapo taifodi siyo nyingi, jibu la "hakuna" lina uzito kuliko jibu la "ipo". Sisi tunafanya kinyume. Likija "hakuna" tunasema kipimo kibovu, likija "ipo" tunakimbilia famasi.

BASI HOMA ZA WATOTO NI NINI?

Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mwingine uliofanywa Dar es Salaam na Ifakara, watoto 1,005 wa chini ya miaka 10 waliokuja na homa na kurudi nyumbani bila kulazwa. Walipimwa karibu kila kitu kinachopimika. Asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, yaani mafua, kikohozi na ndugu zake. Malaria asilimia 10.5. UTI asilimia 5.9. Taifodi asilimia 3.7. Na ukichanganya yote, watoto 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi, ambao sindano za antibiotiki haziugusi.

UTI imeizidi taifodi. Ishike hiyo, nitairudia.

Kuna wanaosema "lakini mbona MRDT ya malaria tunaiamini?" Swali zuri. MRDT haitafuti askari. Inanasa protini inayotoka kwa mdudu wa malaria mwenyewe. Kwa mfano wangu, imemkuta ng'ombe, au angalau mavi yake ya moto. (Hata hiyo inaweza kuendelea kuonyesha "ipo" wiki kadhaa baada ya kutibiwa, lakini tuyaache.) Halafu ona kilichotokea. MRDT zilipoanza kutumika kwenye vituo vya Dar, dawa za malaria zilizokuwa zinaandikwa ovyo zilishuka sana, lakini antibiotiki zikapanda. Homa ikikosa jina la malaria inatafutiwa jina jingine. Mzazi ametoka na mtoto anaungua, amelipa, hawezi kuambiwa "ni virusi, mpe maji na Panadol, mrudishe keshokutwa". Ataona ameibiwa. Mimi mwenyewe ningeona nimeibiwa. Kwa hiyo siwatupii lawama watu wa zahanati peke yao.

WATOTO NA ASKARI WA KUAZIMA

Kipimo cha kingamwili kwa mtoto kina mtego mwingine. Mtoto mchanga anazaliwa na askari wa kuazima kutoka kwa mama. Mfano unaojulikana ni VVU: kipimo cha kawaida cha VVU kinatafuta kingamwili, na mtoto wa mama mwenye VVU anaweza kuonyesha anazo mpaka karibu miezi 18 wakati yeye mwenyewe hana virusi kabisa. Ndiyo maana kliniki wanamchoma kisigino, wanadondosha damu kwenye kadi, wanaikausha na kuipeleka maabara kubwa kumtafuta kirusi mwenyewe. Kwenye VVU serikali na wafadhili walikataa nyayo, wakataka ng'ombe. Kwenye taifodi bado tunaishi na nyayo.

Lakini nisikudanganye kwamba vipimo vyote vya kingamwili ni vibovu. Kuna ugonjwa unaitwa seliaki, ambapo utumbo wa mtoto unadhurika akila ngano, yaani chapati, mkate, maandazi. Anaharisha, tumbo linavimba, hakui. Wengi wanadhani ni ugonjwa wa Wazungu, ila utafiti wa mwaka 1999 ulikuta asilimia 5.6 ya watoto wa Wasahrawi, huko jangwa la Sahara, wanao. Huko kingamwili zinafanya kazi kweli. Tangu 2012 madaktari wa watoto wa Ulaya wanakubali kwamba zikizidi mara 10 ya kiwango cha mwisho cha kawaida, na damu ya pili ikathibitisha, mtoto mwenye dalili anaweza kuambiwa ana seliaki bila kuingizwa mpira tumboni kukatwa kipande cha utumbo. Tofauti ni nini? Kule askari wanapigana na mwili wa mtoto mwenyewe, na vita ikiisha wanapungua. Mtoto akiachishwa ngano kabla ya kupimwa kipimo kinaweza kusema hana. Yaani zile ni nyayo mbichi. Za Widal hujui ni za lini.

KUOTESHA DAMU

Njia ya kumwona mdudu wa taifodi mwenyewe ni kuotesha damu. Damu inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inasubiriwa siku kadhaa kuona kitakachoota. Hospitali kubwa kama Muhimbili wanafanya, zahanati ya mtaani usitegemee. Ina matatizo yake: ni ghali, inachelewa, na hata taifodi ikiwepo inaweza kunaswa kama nusu tu ya wagonjwa. Na mtoto akishapewa antibiotiki kabla ya kutolewa damu ndiyo basi tena, hata kama mdudu alikuwepo anaweza asiote. Hapa ndipo tunapojiharibia wenyewe. Tunaanza na kidonge cha sipro kilichobaki kwa jirani, tukishindwa ndiyo tunaenda hospitali.

Mwingine atauliza, kuna ubaya gani mtoto akipewa dawa ya taifodi "ya tahadhari"? Ubaya upo. Mwaka 2016 huko Sindh, Pakistani, ilianza kusambaa taifodi isiyosikia dawa karibu zote, ikiwemo seftriaksoni, ambayo ndiyo ile sindano tunayochomwa hapa kila homa ikipanda. Pakistani ikalazimika mwaka 2019 kuingiza chanjo mpya ya taifodi kwenye ratiba ya watoto.

Na taifodi yenyewe ipo, asikudanganye mtu. Utafiti wa Pemba, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kwamba kati ya bakteria waliooteshwa kutoka kwenye damu za wagonjwa, Salmonella Typhi ndiye aliyeongoza. Majirani zetu Kenya mwaka 2025 walifanya kampeni ya kuwachanja watoto. Ukiiachia inaweza kutoboa utumbo. Homa inayozidi siku tatu, tumbo kuvimba na kuuma sana, damu kwenye choo, usikae na mtoto nyumbani kwa sababu umesoma mahali kwamba Widal inadanganya. Na mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa wala kunyonya, aliyepata degedege au aliyelegea haamki vizuri, huyo ni wa kukimbizwa saa hiyo hiyo.

SASA MPWA WANGU

Homa ya nne ilikuja Juni. Safari hii tulimwomba dada asiende kule. Alipanda daladala mpaka hospitali kubwa, karatasi tatu mkononi. Daktari aliyemwona, mama mtu mzima, alizitazama mara moja akaziweka pembeni, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza miezi mitano: "Mama, mwanao akikojoa analia?"

Dada alinyamaza. Kumbe analia. Alikuwa anamgombeza kwa kubana mkojo, akidhani ni utundu wa kupenda kucheza.

Mkojo ukachukuliwa, ukaoteshwa, bakteria wakaonekana. UTI. (Najua mtasema huku Dar kila mtu ana UTI. Ni kweli, nayo inaandikwa ovyo mno kwa kuangalia mkojo mara moja kwenye darubini, ndiyo maana nimetaja kuotesha.) Zile sindano za taifodi zilikuwa zinaipoza UTI bila mtu kujua, ndiyo maana homa ilikuwa inashuka na kurudi. Akapigwa utrasaundi. Figo la kushoto limetanuka, mkojo hautoki vizuri. Sasa anahudhuria kliniki, anakunywa dawa kidogo kila usiku, na itaamuliwa baadaye kama atahitaji upasuaji. Daktari alisema kila homa ya aina ile ikichelewa inaweza kuacha kovu kwenye figo. Makovu mangapi yapo tayari, bado tunasubiri kipimo kingine.

Kwa hiyo mdau, ukikabidhiwa karatasi yenye TO na TH, uliza kwa heshima tu. Homa ina siku ngapi? Amewahi kupimwa Widal, na namba zilikuwaje? Mkojo umepimwa? Kifua na masikio yameangaliwa? Kama daktari anaamini ni taifodi kweli, damu inaweza kuoteshwa kabla ya sindano ya kwanza? Karatasi za zamani usizitupe, ziweke na kadi ya kliniki. Dada yangu alitaka kuwashia nazo mkaa.

Mwezi uliopita mtoto alichemka tena usiku. Kliniki ilikuwa mbali na siku hiyo ilikuwa Jumapili, dada akaenda pale pale zahanati ya jirani. Walipoandika Widal akasema, "Samahani daktari, naomba aanze na mkojo, ana tatizo la figo." Yule kijana akamtazama, akakata kile alichoandika, akampa kikopo.